Wageni Wasiokunywa Kahawa Yangu

Nyinyi vijana mnaosomea kazi za hoteli, nawaandikieni nikiwa nimekasirika, na sitaki mnidhanie vingine.

Raya, mjukuu wangu, anasomea kazi hiyo Nizwa. Ijumaa iliyopita alikuja Ibra kunitazama. Akaniamkia shikamoo vizuri, akakaa, kisha akanitia simu mbele ya macho. "Babu, tazama hii watu, wanachekesha sana," akasema, kwa Kiswahili chao hicho cha kuokota njiani. Kwenye simu kulikuwa na wahudumu watatu wa hoteli moja nisiyoijua. Wamemwandalia keki mwimbaji wa Kimarekani, mtu wa dini ya Kimormoni, ambayo haimruhusu kunywa kahawa. Keki wameitia kahawa makusudi. Mwimbaji anakula, anasifu, anaomba kipande cha pili, na wao nyuma ya mlango wanashikana mbavu kwa kicheko.

Raya naye alicheka. Mimi nilimrudishia simu yake. Akafikiri sikuelewa, maskini, akaanza kunieleza Wamormoni ni nani. Akanifungulia na orodha: Wamormoni mashuhuri wa dunia, wachezaji, waimbaji, wanasiasa, wenye makampuni. Kunieleza mimi! Watu hao nimewahudumia kwa mikono yangu kabla mama yake hajaolewa.

Nilikuwa mtia kahawa katika nyumba moja ya wageni, kwenye barabara ya kwenda Sur, kabla hujafika Al Kamil. Miaka ya tisini na ile iliyofuata, kila aliyetaka kuona mchanga wetu, au mabwawa ya Wadi Bani Khalid, au kasa wanaotaga kule upande wa Sur, alilala kwetu. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kahawa. Leo mtaniuliza kazi gani hiyo, maana nyinyi kahawa mnaibonyeza kwenye mashine ikashuka yenyewe na povu lake. Au mnaitia kwenye chupa ya moto asubuhi, na saa kumi alasiri mnampa mgeni mabaki yaliyochacha, mkamwambia karibu Omani. Mngekuwa chini ya Bi Zuwena, angewavunjia hizo chupa.

Bi Zuwena alikuwa mkuu wa jikoni, mama mtu mzima wa hapa Ibra, aliyeishi Unguja ujana wake kama wengi wetu. Mimi nilikuja kutoka Unguja najua kahawa ya kule tu, nyeusi, ya tangawizi. Aliionja ya kwanza niliyompikia, akaimwaga kwenye mfereji. Akanikalisha kitako kwenye jiko lake miezi mitatu. Buni hukaangwa mpaka iwe rangi ya kokwa ya tende, ikizidi hapo umeunguza. Hutwangwa kwa mkono, isiwe unga. Iliki hutiwa mwisho, moto ukishapungua. Tone moja la marashi ya mawaridi ya Jabal Akhdar, na ukitia mawili mgeni atadhani anakunywa bibi harusi.

Kisha adabu yake. Mdila, lile birika la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Usijaze, maana finjani iliyojaa inamwambia mgeni anywe aende zake. Mgeni akitosheka huitikisa finjani, na asipoitikisa utamtilia mpaka macho yamtoke. Nimewaona Wazungu wakinywa finjani kumi na mbili kwa kutoijua siri hiyo, wanatokwa na jasho, wanashukuru. Na mtia kahawa hasemi. Anasimama, anatazama vikombe, masikio yake hayamo chumbani.

Na lipo jengine, ambalo nyinyi wa siku hizi hamlijui kabisa, nalo ndilo lililonifikisha nilipofika. Mgeni akipokea finjani yake, akaiweka chini mbele yake bila kuionja, maana yake amekuja na haja. Mwenye nyumba atamwambia, "Kunywa, haja yako imekubaliwa." Anaikubali kabla ya kuisikia. Hapo mgeni husema haja yake, hunywa, na neno lile likishatoka mbele ya watu, mwenye nyumba hawezi kulirudisha. Wazee wetu wameoza watoto kwa finjani moja, na wamesamehe damu.

Sasa mchukue mtu ambaye hanywi kahawa maisha yake yote, mkalishe kwenye mkeka wa watu hao.

Wa kwanza kumjua alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, mashuhuri kwao, yumo kwenye orodha ya Raya mpaka leo. Sisi tulimwita Mrefu. Tulimuunganishia vitanda viwili kwa urefu na bado vidole vya miguu vilichungulia nje. Alikuja na mkewe kuona kasa. Asubuhi nikamletea kahawa, akasema ahsante, hapana. Nikadhani haya. Nikamletea tena, na tena. Mara ya tatu akaweka mkono kifuani akanambia kwa upole kwamba dini yake haimruhusu. Nikaenda nikaleta chai. Chai pia hapana!

Nilipandwa na hasira. Kahawa hataki, chai hataki, na pombe nayo aliwaambia mapokezi kuwa hanywi. Mmarekani wa namna gani huyu? Jikoni maneno yakawa mengi. Mtunza bustani wetu, mwenye wake wawili, alisikia kwamba Wamormoni zamani walikuwa wakioa wengi, akanituma nikamuulize Mrefu ana wangapi. Nikamuuliza, sina haya. Akacheka, akasema mmoja, na dini yao ilikwisha kukataza mambo hayo zamani, na mimi je? Nikasema mmoja. Nikapeleka majibu kwa mtunza bustani. "Basi Mmormoni hapa ni miye," akasema, akarudi kwenye miche yake.

Hapo yakaisha ya kuchekesha. Mapokezi alikuwapo kijana mmoja, Khalfani, wazazi wake walikuja kutoka bara, Kiingereza kinamtoka kama maji. Akaja jikoni akaniinamia.

"Ami Saidi, mtilie kwenye maziwa. Hatojua kitu."

Nami nikamtilia. Nawaambia wazi, hakuna aliyenishika mkono. Nilichemsha maziwa, nikatia iliki na zafarani, kisha vijiko viwili vya kahawa nzito. Mrefu akanywa. Akasifu, akaomba kikombe cha pili, akaniuliza nimetia nini humu kitamu namna hii. "Iliki," nikasema. Tukarudi jikoni, mimi na Khalfani, tukacheka mpaka machozi.

Bi Zuwena alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini, akauliza tunacheka nini. Nikamweleza, nikitaraji acheke.

"Weye Saidi, nguruwe wamla?"

"Hasha, Bi Zuwena!"

"Na mtu akikutilia mafuta yake kwenye wali, ukala, ukasifu, wenzako wakakucheka jikoni?"

Nikageuka kumtazama Khalfani. Khalfani alikwisha toka zamani.

"Kamwambie," akasema. "Sasa hivi."

Nikaenda. Gari la Mrefu lilikuwa linapakiwa kwenda Sur. Nikamchukulia begi lake. Akanipa mkono, mkono mkubwa wa kumeza wangu, akanishukuru kwa maziwa. Nikasema, karibu tena. Hilo ndilo nililosema. Kwenye orodha ya Raya, chini ya jina lake, imeandikwa kwamba mtu huyu ni mfano kwa vijana wa dini yake, hajaonja kahawa tangu kuzaliwa. Nililisoma hilo Ijumaa, simu mkononi, na aliyelifanya liwe uongo ni mimi. Na Khalfani.

Tangu siku ile nilibadilika, na hili ndilo somo la kazi ninalowapa bure. Muulize mgeni. Ni jambo jepesi, mbona linawashinda? Wamormoni nilianza kuwachemshia tangawizi na mdalasini, bila jani la chai hata moja, nikiwatilia katika finjani zilezile, kwa adabu ileile. Alikuja mwanasiasa, aliyekuwa mkubwa wa jimbo zima huko kwao, akanywa finjani sita, nikamfundisha kutikisa. Alikuja mwimbaji mwanamke, mtoto wa familia nzima ya waimbaji, hata soda ya kola hakuitaka, wakati yule mwanasiasa aliinywa kila mchana. Wenyewe kwa wenyewe hawakuafikiana kwenye kola, basi ukijifanya wewe unajua utamkosea mmoja wao. Jumapili moja mwimbaji yule hakula mpaka jioni. Mpishi akadhani mgonjwa. Kumbe amefunga! Bi Zuwena alimfungia chakula cha kufuturu kwa mikono yake.

Jina langu likajulikana. Wilaya nzima, ukisema kahawa ya Saidi, watu wanajua. Na aliyeipenda kuliko wote ni Shekhe Hamdani wa Wadi Bani Khalid.

Shekhe Hamdani alikuwa na shamba juu ya mabwawa, mitende, ndimu na maembe, na zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Shamba lile lilikuwa linalisha nyumba tatu: yake, ya dada yake mjane, na ya watoto wa marehemu ndugu yake. Mara mbili watu walikuja kulinunua wajenge hoteli, na mara mbili aliwapa tende wakaondoka. Alikulia Unguja, Kiswahili chake safi kuliko changu. Akipata wageni wa maana, humtuma mtu aje anichukue nikatie kahawa kwake. "Siuamini mkono mwengine," alikuwa akisema mbele ya watu, nami nikivimba kichwa.

Basi akaja tajiri wa mahoteli, Mmarekani, Mmormoni, naye yumo kwenye orodha. Mtu mkimya, shati limepigwa pasi, anasema ahsante hata kwa anayemfungulia mlango. Wakati huo Khalfani alikuwa keshakuwa meneja wetu. Tajiri alilala kwetu siku mbili akinywa tangawizi yangu. Siku ya tatu Khalfani akasema twende naye kwa Shekhe Hamdani. Nikatengeneza mdila wa kahawa kwa Shekhe, na chupa ya tangawizi kwa mgeni. Khalfani akaitoa ile chupa garini akaiacha kwenye ngazi.

"Leo kahawa tu, ami Saidi."

"Mgeni hanywi kahawa."

"Naijua mimi hiyo. Hii ni bizinesi, wewe tia kahawa."

Nikapanda garini na mdila wangu. Mtia kahawa hasemi, si ndivyo nilivyofundishwa?

Tuliingia sabla, kile chumba cha kupokelea wageni, baada ya sala ya alasiri. Walikuwapo majirani wa Shekhe saba au wanane, watu wazima na majambia yao viunoni. Tende zikaliwa. Nikaanza kutia kahawa, mgeni kwanza. Tajiri akanitazama machoni, kama kuuliza ile yangu iko wapi. Khalfani akamnong'oneza kwa Kiingereza, nami nilikuwa nimeinama palepale nikamsikia: ipokee tu, iweke mbele yako, hiyo ni heshima kwa mzee.

Tajiri, mtu wa watu, akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake.

Wale majirani wakatazamana. Shekhe Hamdani akaitazama finjani, akamtazama mgeni, akakaa wima. Ungesema amerudi ujana, maana ni nani tena aliyekuwa akifanya jambo hilo?

"Kunywa, mgeni wetu," akasema. "Haja yako imekubaliwa."

Na Khalfani akajibu haraka, kwa Kiarabu cha kusikiwa na wote, kwamba mgeni amesafiri bahari zote kwa haja moja, naye anaomba shamba lililo juu ya mabwawa.

Niliona rangi ikimtoka mzee. Midomo yake ilikuwa inacheza. Neno limeshatoka, mbele ya mashahidi, na Shekhe Hamdani hakuwa mtu wa kula neno lake. Na yule tajiri anatabasamu, hajui lolote, anadhani amefanya heshima. Dini ya mtu, amana yake kwa Mola wake, imegeuzwa mtego wa kumnyang'anyia mzee mwengine shamba. Nikiandika hapa ghadhabu inanipanda upya, na miaka imepita.

"Shekhe," nikasema, "mgeni hana haja. Hanywi kahawa, basi. Dini yake inamkataza."

Wakageuka wote. Mdila umesema!

"Saidi, weye unasema nini?" akauliza Shekhe. "Dini gani inakataza kahawa?"

"Mmormoni, Shekhe. Nimewahudumia wengi. Hawanywi."

Khalfani hakupandisha sauti hata kidogo. Alicheka kidogo, akazungumza kwa upole, na hapo nikamjua mtu.

"Shekhe, muulize ami Saidi juu ya yule mchezaji mrefu. Alikuwa Mmormoni vilevile. Alikunywa kahawa ya Saidi, vikombe viwili, miye shahidi. Muapishe kama si kweli."

Alijua ananiweka pabaya. Nikikana, nimeapa uongo. Nikikubali, Wamormoni wanakunywa, na shamba limekwenda. Njia ya tatu alikuwa na yakini kwamba siwezi kuipita, maana yeye katika mahali pangu asingeipita.

"Kweli alikunywa," nikasema. "Nilimtilia kwenye maziwa kwa siri. Aliniuliza mna nini humu, nikamwambia iliki. Alikuwa ameniambia dini yake haimruhusu, nikamnywesha nikaenda kucheka jikoni. Mpaka leo hajui."

Mzee mmoja pale pembeni akaitazama finjani yake, ile niliyomtilia mimi, akaiweka chini taratibu. Si kwa haja.

Shekhe akanambia nimuulize mgeni kwa Kiingereza changu, Khalfani asitie neno. Nikamuuliza: umeomba shamba la mzee huyu? Tajiri akasema aliambiwa mwenyewe anauza, amekuja kulitazama. Nikamweleza maana ya finjani aliyoiweka chini. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasimama, mkono kifuani kama Mrefu, akaniomba nimwambie mzee kwamba hataki kitu chake chochote, ila kama itawezekana, maji ya kunywa. Alimtazama Khalfani mara moja tu, na garini alikaa nyuma peke yake mpaka tulipofika.

Maji yakaletwa, ya falaji, ya baridi. Akanywa. Watu wakahema.

Nikanyanyua mdila niendelee na kazi yangu. Nilipofika mbele ya Shekhe Hamdani nikainama, finjani mkono wa kulia. Yeye akanyoosha mikono yote miwili akauchukua mdila mkononi mwangu, pole pole, kama unavyomwondolea mtoto kitu. Akampa mpwa wake.

"Saidi," akasema, "umenirudishia shamba langu, na Mwenyezi Mungu akulipe. Kaa hapa, ubavuni kwangu. Lakini mkono wako mimi siujui tena."

Nilikaa ubavuni kwake. Mpwa wake akanitilia, kahawa mbichi, iliki imechemka mpaka imepotea ladha. Nikainywa yote nikatikisa finjani.

Habari ikatembea, kama habari zinavyotembea huku. Watu walinisifu kwa shamba, kila mahali, na kila mahali walinipa kahawa iliyotiwa na mwengine. Kwenye nyumba ya wageni nilihamishiwa stoo ya mashuka na taulo, nikamalizia huko miaka yangu ya kazi. Bi Zuwena alikuwa akiniletea chai huko stoo, hakuwahi kunambia, "Nilikuambia". Khalfani? Khalfani alipata kazi Maskati, kubwa kuliko ile ya kwanza, na kiti cha kuzunguka. Huyo hana mtu aliyemnyang'anya kitu mkononi.

Kila msimu wa tende nilikwenda kwa Shekhe Hamdani, na kila mwaka alinipakilia makapu mawili kutoka shamba lile. Alinikalisha palepale ubavuni, tukazungumza Unguja mpaka magharibi. Mara moja, mpwa hayupo, niliunyanyua mdila nimtilie. Akanishika kiwiko, akasema, "Tumngoje." Tukangoja. Alifariki bila kuonja tena kahawa yangu, mtu aliyekuwa akituma gari kuifuata.

Haya, Raya, mwanangu. Leta simu yako. Iwashe tena hiyo video, ucheke mbele yangu nikuone.